Kambakochi hatafuti shimo tu, hutafuta na majirani

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

TANGU Serikali ilipotangaza mwezi Julai mwaka 2016 kuwa inahamia Dodoma, hakuna jambo lililozungumzwa sana na wakazi wa mji huu kama nyumba.

Watumishi waliofika na mizigo yao kutoka Dar es Salaam walihangaika kutafuta vyumba Area C, Kisasa, Nkuhungu, Ilazo na kwingineko. Wengi hawakuanza na dalali. Walianza kwa kumpigia simu mwenzao aliyetangulia na kumuuliza: huko uliko kuna nafasi?

Zaidi ya kilomita 400 mashariki ya mji huu, chini ya maji ya Bahari ya Hindi, yupo mnyama anayefanya jambo linalokaribiana na hilo kila kunapokaribia kupambazuka. Naye hutafuta malazi kwa kumfuata aliyetangulia, ingawa yeye hutumia harufu badala ya simu.

Mnyama huyo ni kambakochi, yule kamba mkubwa mwenye gamba la miiba na vipapasio virefu, ambaye wakazi wengi wa Dodoma humfahamu kwa kumwona kwenye orodha ya vyakula vya hoteli kubwa. Katika Soko la Majengo samaki wanaozoeleka zaidi ni wale wa Bwawa la Mtera, sato wa Ziwa Victoria na dagaa.

Pamoja na umbali huo, mustakabali wa kambakochi uko karibu na Dodoma kuliko wengi wanavyodhani. Sheria zinazomhusu hupitishwa katika ukumbi wa Bunge uliopo hapa, na wizara inayosimamia uvuvi ina ofisi zake katika Mji wa Serikali, Mtumba.

Makala haya yanaeleza kwa nini kambakochi huishi kwa makundi, namna anavyochagua mahali pa kujificha, na kwa nini tabia hiyo inapaswa kujulikana na yeyote anayepanga matumizi ya bahari yetu.

Ni mnyama wa namna gani?

Kambakochi ni ndugu wa kaa na kambamiti. Wote wana gamba gumu nje ya mwili na miguu yenye viungo, na wote hulazimika kulivua gamba hilo kila wanapokua.

Msemo wa "kujivua gamba" ulivuma katika siasa za nchi hii mwaka 2011. Kwa kambakochi, hata hivyo, kujivua gamba ni jambo la kufa na kupona. Gamba la zamani linapotoka, jipya lililo chini yake huwa laini, na kwa muda mnyama huyo hana kinga yoyote mwilini.

Katika pwani ya Tanzania wapo kambakochi wa aina kadhaa, wote wa ukoo ambao wanasayansi huuita Panulirus. Miongoni mwao ni Panulirus ornatus, mwenye miguu yenye mabaka na umbo kubwa, pamoja na versicolor, longipes, penicillatus na homarus.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba kambakochi hawa hawana magando makubwa ya kubana kama ya kaa, wala kama ya kambakochi wa baridi wanaovuliwa Marekani na Ulaya. Silaha zao ni miiba ya gamba na vipapasio viwili virefu wanavyovitumia kama fimbo.

Huyu wa baridi mwenye magando hukaa peke yake katika shimo lake, na mgeni anayeingia hupigwa. Huyu wa kwetu, asiye na magando, amechagua njia nyingine, yaani kuishi na wenzake.

Harufu ya jirani

Kambakochi hufanya shughuli zake usiku. Giza likiingia hutoka kwenye mashimo ya miamba na kwenda kutafuta konokono, chaza na viumbe wengine wadogo. Alfajiri hutakiwa awe amerudi ndani, kwa sababu mchana macho ya chewa, vikande na papa huona vizuri.

Mwambani kuna maelfu ya nyufa na matundu. Lipi lina kina cha kutosha? Lipi limeshakaliwa na mkunga? Mnyama asiye na muda hawezi kulikagua kila moja.

Utafiti uliofanywa katika maabara na baharini, hasa nchini Marekani, umeonyesha kuwa kambakochi hutatua tatizo hilo kwa kunusa. Maji yanayotoka katika shimo lenye kambakochi hubeba harufu yao. Anayepita hupokea harufu hiyo kwa vipapasio vyake vidogo na kuifuata hadi mlangoni.

Harufu ya mwenzake humwambia kuwa hapa pana shimo, na kwamba aliyemo bado yu hai. Watafiti Michael Childress na William Herrnkind, waliofanya kazi na kambakochi wachanga wa Florida, walibaini kuwa mnyama anayefuata harufu ya wenzake hupata maficho kwa haraka kuliko yule anayetafuta mwenyewe. Kila dakika anayoiokoa ni dakika asiyokuwa wazi mbele ya adui.

Ni vyema kueleza kuwa huu si undugu wala ukarimu. Waliomo shimoni kwa kawaida hawahusiani kwa damu, na kila mmoja amefika kwa manufaa yake. Hata hivyo, manufaa ya mmoja yanaangukia kwa wote.

Tembe la chini ya bahari

Wazee wa Kigogo watalielewa jambo hili upesi. Tembe la asili, lenye kuta fupi na paa bapa la udongo, lilijengwa kuzunguka ua, watu na mifugo wakalala ndani ya boma moja. Mlango ukiwa umelindwa, wote wamelindwa.

Shimo la kambakochi hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Wakazi hukaa migongo ikiwa ndani na vipapasio vikielekezwa nje. Kambakochi mmoja ana fimbo mbili. Kumi wana fimbo 20. Samaki anayesogea hukutana na ukuta wa miiba unaotikisika.

Wakikutwa mahali pa wazi pasipo na shimo, kambakochi hujipanga katika duara, mikia ikiwa katikati na vipapasio nje pande zote. Aina nyingi pia hutoa mlio mkali wanaposhikwa. Mwaka 2001 mtafiti Sheila Patek alieleza katika jarida la Nature kuwa mlio huo hutokana na sehemu ya chini ya kipapasio kusuguana na gamba karibu na macho, kwa namna inayofanana na upinde wa fidla unavyosugua nyuzi.

Tabia ya kukaa pamoja haianzi tangu kuzaliwa. Mayai yanapoanguliwa, mabuu yake, ambayo ni membamba na ya kupenyeza mwanga kama kioo, huelea katika bahari kuu kwa miezi mingi. Baadaye hurejea pwani na kutua kwenye mwani au majani ya bahari.

Katika hatua hiyo ya kwanza kambakochi mdogo hukaa peke yake. Ni mdogo kiasi kwamba kujificha kimya kimya ndani ya mwani ni salama kuliko kukusanyika na kuvuta macho ya adui. Ni baada ya kukua, mwani usipomtosha tena, ndipo anapoanza kutafuta mashimo na wenzake.

Jirani mgonjwa hukimbiwa

Kuishi pamoja kuna gharama yake, na gharama kubwa ni maradhi. Katika shimo lililojaa, ugonjwa hupita upesi kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Mwaka 2006 watafiti Donald Behringer, Mark Butler na Jeffrey Shields walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyowashangaza wengi. Walichunguza kambakochi wa Karibi wanaoshambuliwa na kirusi kinachoua hasa wale wachanga.

Waligundua kuwa kambakochi wazima huepuka kukaa shimo moja na aliyeambukizwa. Zaidi ya hapo, humwepuka kabla hajafikia hatua ya kuwaambukiza wengine. Mgonjwa hubaki peke yake.

Wakazi wa miji waliopitia miaka ya 2020 na 2021, walipohimizwa kukaa mbali mbali kwa sababu ya korona, hawatapata shida kuelewa mantiki hiyo. Nguvu ya kundi iko katika kukusanyika, lakini pia katika kujua wakati wa kutokukusanyika.

Safari ya miguu ya kilomita 500

Kundi halina kazi shimoni pekee. Katika bahari ya Bahama na Florida, dhoruba za majira ya vuli zinapochafua maji, kambakochi wa huko hutoka kwa makumi na kutembea wakifuatana mmoja nyuma ya mwingine, mchana na usiku, kuelekea maji ya kina. Kila mmoja humgusa aliye mbele yake kwa vipapasio ili asipotee.

Mwaka 1976 Herrnkind na mwenzake Robert Bill walionyesha kuwa msafara huo hupunguza ukinzani wa maji. Aliye nyuma hutembea kwa wepesi kuliko aliye mbele, kama waendesha baiskeli wanavyofichana upepo.

Kwa Watanzania, mfano wa kuvutia zaidi ni wa Panulirus ornatus, aina ile ile inayopatikana katika pwani yetu. Katika Mlango-Bahari wa Torres, kati ya Australia na Papua New Guinea, kambakochi hao walibainika kuhama kwa makundi makubwa kwenda kuzaliana upande wa mashariki wa Ghuba ya Papua. Baadhi hutembea hadi kilomita 500, umbali unaozidi ule wa barabara kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam.

Meli za kukokota nyavu zilikuwa zikiwapata kwa wingi njiani, kwa kuwa waliokusanyika ni rahisi kukamatwa. Katika miaka ya 1980 uvuvi huo wa kukokota ulipigwa marufuku ili kuulinda msafara wa wazazi.

Mfano wa jirani zetu: kaa wa Mida

Kambakochi si mnyama pekee wa jamii hii anayekusanyika. Msomaji aliyewahi kufika ufukweni atakuwa amemwona kaa mdogo anayetembea na kombe la konokono mgongoni. Kaa huyo ana tumbo laini lisilo na gamba, hivyo hulazimika kuazima nyumba ya konokono aliyekufa.

Katika Hori la Mida karibu na Watamu, nchini Kenya, watafiti wa Kiitalia Francesca Gherardi na Marco Vannini walichunguza katika miaka ya 1990 kaa wa aina hiyo ambao hukusanyika kwa wingi katika mikoko.

Kaa hao hufundisha jambo moja kuhusu nyumba. Kila anapokua, kaa huhitaji kombe kubwa zaidi. Kombe moja kubwa tupu likipatikana, kaa mkubwa huhamia humo, wa pili huchukua alilolihama, wa tatu huchukua la wa pili, na kuendelea hadi mdogo wa mwisho. Mwanasosholojia wa Marekani Ivan Chase alionyesha katika miaka ya 1980 kuwa mlolongo huo unafanana na ule wa binadamu wanaohama nyumba mjini.

Kwa maana hiyo, anayeokota kombe moja kubwa ufukweni kwa ajili ya kuliuza kama pambo hakuchukua nyumba ya kaa mmoja. Ameukata mlolongo mzima.

Tabia inapogeuka kuwa mtego

Tabia inayomwokoa kambakochi dhidi ya samaki humponza mbele ya binadamu. Mvuvi akishalipata shimo lenye kambakochi mmoja, anajua kuwa huenda wapo wengine. Na akilikomba leo, shimo hilo hilo zuri huweza kukaliwa tena baadaye, akarudi.

Katika pwani ya Afrika Mashariki iko mbinu ya muda mrefu ya kumfunga pweza kwenye kijiti na kumsogeza shimoni. Pweza ni adui mkubwa wa kambakochi. Kambakochi akimwona hutoka mbio, na huko nje hukutana na kimia cha mvuvi.

Wavuvi wa Florida nao huweka kambakochi wachanga, ambao hawajafikia kimo cha kuvuliwa, ndani ya mitego ili harufu yao iwavute wakubwa. Chambo katika mtego huo si chakula, bali ni jirani.

Hatari yake iko wazi. Kambakochi mmoja akibaki peke yake katika eneo lililokombwa, hapotezi wenzake tu. Hupoteza pia alama ya harufu ambayo ingemwonyesha nyumba, na fimbo za wenzake ambazo zingemlinda. Kwa sababu hiyo hasara ya kuvua kupita kiasi ni kubwa kuliko idadi ya waliotiwa kapuni.

Shimo likivunjika

Hasara ni kubwa zaidi pale linapoangamia shimo lenyewe. Kuanzia mwaka 1991, maji ya Ghuba ya Florida yalijaa vijimea vidogo vilivyosababisha sifongo wengi wa baharini kufa. Sifongo hao ndio waliokuwa maficho ya kambakochi wachanga. Hakuna aliyewavua kambakochi hao, lakini katika maeneo yaliyoathirika walilazimika kuhamia maficho machache yaliyosalia, na pasipokuwa na maficho mengine walipungua.

Katika pwani yetu, mashimo ya kambakochi yako ndani ya matumbawe. Joto la bahari lililoambatana na El Nino liliua matumbawe mengi katika ukanda huu mwaka 1998, na miamba ya kusini mwa Mafia ilikuwa miongoni mwa iliyoathirika vibaya.

Hilo la joto lina chanzo cha mbali. La baruti chanzo chake ni sisi wenyewe. Mlipuko mmoja huua samaki kwa sekunde chache, lakini pia huubomoa mwamba uliojengwa na viumbe kwa miaka mingi na kuuacha vifusi. Katika vifusi hakuna nyufa za kukaliwa. Uvuvi huo umepigwa marufuku kwa miongo mingi, na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 pamoja na Kanuni zake za mwaka 2009 zimeendelea kuukataza.

Mafunzo kutoka Mexico

Je, binadamu anaweza kumjengea kambakochi nyumba? Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti.

Wavuvi wa Cuba walianza zamani kuweka maficho ya magogo sakafuni mwa bahari. Mbinu hiyo ilienea hadi Ghuba ya Ascensión, katika jimbo la Quintana Roo nchini Mexico, ambako chama cha ushirika cha Vigía Chico kilianzishwa mwaka 1968.

Maficho hayo, yanayoitwa casitas, yaani vijumba, ni paa pana lililoinuliwa kidogo kutoka mchangani. Kambakochi huingia chini yake kwa wingi, wakubwa kwa wadogo, na mvuvi huyainua na kuchagua.

Kilichoufanya mpango huo udumu si paa pekee. Wanachama wa ushirika waligawana eneo la bahari, kila mmoja akawa na sehemu yake inayotambuliwa na wenzake. Mwenye sehemu ana sababu ya kuwaacha wadogo, kwa maana atakayewakuta wamekua ni yeye.

Mahali ambapo bahari haina mwenyewe, kijumba cha namna hiyo huweza kuwa mtego tu. Huwakusanya kambakochi waliotawanyika, kisha anayefika kwanza akawakomba wote asubuhi moja.

Aidha, si kila aina ya kambakochi ina tabia sawa. Penicillatus hupenda miamba inayopigwa na mawimbi makubwa, ilhali ornatus huweza kukaa hata penye mchanga na maji ya tope. Yanayofaa Karibi hayawezi kuhamishiwa Kilwa au Mtwara bila kuchunguzwa kwanza na wataalamu wetu, ambao tunao katika Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo Zanzibar.

Yanayowahusu walio Dodoma

Nchi haianzi kutoka sifuri. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilipitishwa mwaka 1994, na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ikaanzishwa mwaka uliofuata. Katika vijiji vya pwani vipo pia vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, vinavyoweza kupewa nguvu ya kusimamia miamba yao kama wale wa Ascensión.

Lakini taarifa za uvuvi zinazofika mezani kwa watunga sera kwa kawaida huhesabu tani na thamani ya fedha. Ni nadra kuhesabu mashimo. Kwa mnyama kama huyu, hesabu ya aina hiyo ni nusu ya habari. Kambakochi wanaweza kuonekana wengi katika mnada leo kwa sababu tu wamebanana katika mwamba wa mwisho uliobaki.

Kwa hiyo swali linalostahili kuulizwa kila bajeti ya sekta hiyo inapojadiliwa si idadi ya kambakochi waliouzwa nje pekee. Ni miamba mingapi iliyobaki na nyufa za kukaliwa, nani mwenye wajibu wa kuilinda, na ni wazazi wangapi walioachwa ili harufu yao iwaite wengine.

Wakazi wa Dodoma wameshajionea kuwa mji hauhamiwi kwa tangazo peke yake. Huhamiwa penye nyumba na penye watu. Kambakochi naye, kila alfajiri, hutafuta vitu hivyo hivyo viwili. Tukimwachia mwamba bila wenzake, au wenzake bila mwamba, tutakuwa hatujamwachia kitu.